Gunia la Kariandusi

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Bahati na viunga vyake kwamba Serikali, kwa hekima yake na bila kumtoza mtu yeyote hata senti, imeleta gunia.

Tangazo hilo lilisomwa Jumatatu asubuhi, mwaka wa 1954, na Hiram Kahiga, karani na mkalimani wa Kamati ya Utambuzi, akiwa amesimama juu ya kreti ya soda ili asikike vizuri. Alilisoma kwa Kiingereza kwa ajili ya Bwana Mwenyekiti, kwa Kiswahili kwa ajili ya sheria, na kwa Kikuyu kwa ajili ya wale liliowahusu. Alikuwa na sauti nzuri, na alilijua hilo. Aliposhuka kwenye kreti alipangusa viatu vyake kwa kitambaa, akaketi mezani na kufungua rejista mpya.

Hali ya Hatari ilikuwa imeingia mwaka wake wa pili. Msituni kulikuwa na Mau Mau, na hilo halikuwa jambo la mzaha: watu walikuwa wameuawa, ng'ombe wamekatwa mishipa ya miguu, nyumba zimechomwa na watu wakiwa ndani. Serikali ilitaka kujua ni nani aliyekula kiapo na ni nani ambaye hakula. Kwa kuwa kiapo hakionekani usoni mwa mtu, ilibidi atafutwe shahidi anayewajua watu wote, avishwe gunia lenye matundu mawili ya macho ili asitambulike, kisha watu wapite mbele yake mmoja mmoja. Akitikisa kichwa upande kwa upande, mtu huyo ni mwema. Akiinamisha kichwa, mtu huyo anakaa kwenye benchi kusubiri lori la Ijumaa, la kwenda kambini ng'ambo ya Gilgil. Waliopanda lori hilo kutoka vituo vingine hawakurudi upesi, na wengine walikuwa hawajarudi mpaka siku hiyo. Kila mtu katika foleni alilijua hilo, ndiyo maana hakuna aliyecheka alipoliona gunia.

Shahidi huyo aliitwa Shahidi Namba Moja. Namba Mbili hakuwapo, lakini Kamati ilikuwa na matumaini. Jina lake lilikuwa siri kubwa ya Serikali, na watu wa Bahati waliitunza siri hiyo kwa uangalifu: waliangalia miguu yake, wakaona kidole gumba cha kushoto kilichokatwa na jembe, wakasema kwa adabu, "Habari ya asubuhi, Waithaka," kisha wakapita. Waithaka alikuwa mchinjaji wa mbuzi wa harusi. Hakukuwa na boma ambalo hajawahi kula nyama yake, na kwa hiyo hakukuwa na mtu asiyemjua. Alikubali kazi ya ushahidi kwa sababu kuikataa kulikuwa na lori lake.

Kamati ilipogundua habari ya kidole gumba, ilimpa Waithaka buti mpya za jeshi ili afichike. Tangu siku hiyo watu walimtambua kutoka mbali zaidi.

Mwenyekiti wa Kamati alikuwa ofisa kijana ambaye jina lake halisi karibu hakuna aliyelijua. Watu walimwita Bwana Kipenga kwa sababu ya kipenga alichokivaa shingoni na kukipuliza kila alipokosa neno. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na hofu ya wakubwa wake, na hofu hiyo aliigawa kwa wote walio chini yake bila upendeleo. Wiki tatu mfululizo Waithaka alikuwa amewatikisia watu wote kichwa upande kwa upande, mpaka shingo ikamuuma, na rejista ikabaki tupu. Barua ikaja kutoka juu, ikiuliza inakuwaje Bahati nzima haina mkosaji hata mmoja, ilhali vituo vingine vinajaza malori.

Basi Bwana Kipenga akaamua kwamba kosa ni la gunia. Lile la zamani, la mahindi, lilikuwa limetafunwa na panya, na matundu ya macho yalikuwa yamefika mashavuni. Likaagizwa jingine kwenye duka la Kirit, ambaye aliuza kila kitu kuanzia misumari hadi blanketi. Kirit alilitoa nyuma ya duka, gunia imara, zito, lililokuwa limebeba udongo mweupe wa Kariandusi, ule ulio laini kuliko unga wa ngano, ambao watu huupaka kutani na kuunyunyizia mahindi yasiliwe na dudu. Alishauri lifuliwe kwanza. Bwana Kipenga alimjibu kwamba Hali ya Hatari haisubiri kufua.

Sambamba na gunia zikatungwa Kanuni, na hapa ndipo Hiram alipojivunia. Alizitafsiri yeye mwenyewe kwa siku mbili, kamusi mkononi. Kanuni ya Kumi na Nne ilisema: Kuinamisha kichwa ni kuinamisha kichwa, bila kujali cheo, umri, jinsia wala sababu. Kanuni ya Kumi na Tano ilisema kwamba aliyeinamishiwa kichwa ataachiliwa endapo atadhaminiwa na mtu asiye ndugu yake, anayemjua kwa jina lake kamili na kwa tabia yake, mradi mdhamini naye apite kwanza mbele ya gunia. Hiram alipenda sana neno "mradi". Alihisi kwamba bila neno hilo Serikali isingesimama.

Foleni ikaanza saa tatu, Jumatatu ile ile ya tangazo. Mtu wa kwanza akapita, Waithaka akatikisa kichwa kama kawaida. Wa pili akapita. Wa tatu alipofika, gunia likatulia, likatetemeka kidogo, kisha kichwa kikainama ghafla kwa nguvu.

Bwana Kipenga alipuliza kipenga kwa furaha. Mtu wa tatu alikuwa mzee wa kanisa. Alipelekwa kwenye benchi akiwa bado ameshika kofia.

Kufikia saa sita walikuwa wameinamishiwa kichwa watu kumi na watano, na hakuna aliyeweza kueleza walichofanana. Kulikuwa na mzee wa kanisa, mtu wa kukamua ng'ombe, mwalimu wa hesabu, na mzee asiyeona aliyekuwa ameongozwa kwenye foleni kwa mkono. Bwana Kipenga alisema kwamba huo ndio ujanja wa magaidi, kujificha kwa wale usiowadhania. Hiram aliandika, akapiga mhuri, akaandika. Hakuinua uso mpaka aliposikia mtu wa kumi na sita akisema kwa Kikuyu, kwa sauti aliyoijua tangu kuzaliwa, kwamba kama kuna mtu anataka kumsukuma, amsukume kwa adabu.

Alikuwa mama yake, Wangare.

Mama yake alikuwa na miaka sitini, mjane, na kwa miaka miwili alikuwa dobi wa nyumba ya ofisa, akifua na kupiga pasi shati za Bwana Kipenga na kuziacha kitandani. Bwana Kipenga alimjua kwa jina moja tu, Dobi, na hakuwa amewahi kumtazama usoni. Sasa alimwona amevaa kitambaa chake cha kanisani, akadhani ni mtu mgeni. Akaamuru karani amuulize amekula viapo vingapi.

Hiram akauliza. Wangare akamtazama Bwana, akasema kwa Kikuyu, taratibu, "Muulize kama amewahi kuosha soksi zake mwenyewe hata siku moja."

"Anasema hana habari ya viapo, bwana," Hiram akatafsiri, "na anashukuru Serikali."

"Mambo mingi sana kwa neno kidogo," Bwana Kipenga akasema, maana Kiswahili chake alikuwa amekiokota shambani. Akaamuru aandikwe. Kwenye fomu kulikuwa na mstari ulioitwa Uhusiano na Ofisi. Hiram akaandika hapo: mama wa karani. Bwana Kipenga alitia sahihi bila kuusoma, kama alivyofanya kwa fomu zote.

Jioni Hiram alilichukua gunia kulifungia kabatini, na alipolikunja akapiga chafya tatu, moja baada ya nyingine. Akasimama pale na vumbi jeupe kwenye mikono ya koti. Ndipo alipoelewa. Shahidi Namba Moja alikuwa amekatazwa kutoa sauti yoyote, ili sauti yake isitambulike. Waithaka, mtiifu kama alivyokuwa, alikuwa akibana pua na kupiga chafya kimyakimya, na chafya ya kimya ina njia moja tu ya kutoka: kichwa kinaenda chini.

Jumanne asubuhi Hiram aliandika barua rasmi. Ilisema: "Kuhusu: Chafya. Ninaomba kwa heshima kuarifu kwamba kuinama kwa kichwa cha Shahidi kunasababishwa na vumbi." Barua ilirudi adhuhuri ikiwa na maneno ya penseli pembeni: "Hakuna chafya katika Kanuni."

Na kweli haikuwamo. Hiram alizisoma zote kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, akizitafuta chafya katika maneno yake mwenyewe mazuri, na kwa mara ya kwanza hakuyapenda.

Ilibaki Kanuni ya Kumi na Tano. Yeye hakuweza kumdhamini mama yake kwa kuwa ni damu yake. Njoki, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, mwanamke shupavu, akaja Jumanne jioni kumdhamini Wangare. Akapita kwanza mbele ya gunia kama Kanuni ilivyotaka. Kichwa kikainama. Njoki akaenda kukaa karibu na Wangare kwenye benchi, wakawa kumi na saba, na baada ya hapo hakuna mtu mwingine aliyejitokeza kumdhamini mtu yeyote. Hiram hakuwalaumu. Alimpelekea mama yake uji na blanketi, na mama yake akamwambia avae shati safi, kwa sababu mtu mwenye mama kwenye benchi lazima aonekane nadhifu zaidi ya siku zote. Alirudi mezani akalia kidogo, akafuta macho kwa kitambaa cha viatu.

Jumatano ikaja simu: Bwana Mkaguzi, mtu mkubwa kutoka makao makuu, atafika kesho yake kuona lile gunia linalofanya maajabu. Bwana Kipenga alipuliza kipenga, akakimbilia chumbani kwake, akatoka mbio. Shati zote zilikuwa chafu. Ile aliyoivaa ilikuwa ya Jumatatu.

"Iko wapi Dobi?" akauliza.

"Yuko kwenye benchi, bwana," Hiram akasema. "Ndiye wa kumi na sita."

Hiram alitumaini, kwa moyo wake wote, kwamba neno litafuata. Bwana Kipenga alitazama benchi, akatazama shati. Kisha akasema kwamba sheria ni sheria, na kwamba hakuna Kanuni inayomkataza mtuhumiwa kufua akiwa chini ya ulinzi. Basi Wangare akafua shati nyeupe ya Bwana huku askari Obura amesimama na bunduki juu ya beseni. Akaipiga pasi ya makaa, akashona kifungo kilichokuwa kimelegea, akairudisha ikiwa imekunjwa vizuri. Obura alimwomba amfulie na soksi zake.

Alhamisi Bwana Kipenga aliamuru kila kitu king'ae. Mawe ya njiani yalipakwa chokaa, na Obura akaambiwa alikung'ute gunia mpaka lipendeze. Obura alikuwa mtu wa kazi. Alilikung'uta kwa fimbo nusu saa, na vumbi lote lililokuwa limelala ndani ya nyuzi tangu Kariandusi likaamka.

Bwana Mkaguzi alikuwa mwembamba, mwenye miwani, asiyetabasamu, na alikuwa amesoma Kanuni zote njiani. Alisema alizipenda. Alisema hajawahi kuona Kanuni zisizo na mwanya kama hizi. Bwana Kipenga akavimba kwa furaha, na furaha hiyo ndiyo iliyomponza. Alitaka kuonyesha jinsi gunia lisivyo na upendeleo. Akasema kwamba yeye mwenyewe, mwenyekiti, atapita wa kwanza, ili wenyeji waone haki. Akajinyoosha, akapiga hatua tatu za kijeshi, akasimama mbele ya Waithaka.

Gunia likatulia. Likatetemeka. Kichwa kikainama mara moja, mara mbili, na mara ya tatu kwa nguvu hata Waithaka akashika meza asianguke.

Watu wote walitazama chini, hata wale wa benchi.

"Mara tatu," akasema Bwana Mkaguzi. "Karani, andika."

Bwana Kipenga alicheka, akaona kwamba anacheka peke yake, akaacha. Akasema kwa haraka kwamba hiyo ni chafya, mtu yeyote anaona kwamba ni chafya, gunia lina vumbi. Hiram alifungua faili, akatoa ile barua ya Jumanne, akaiweka mbele ya Bwana Mkaguzi kwa mikono miwili. Bwana Mkaguzi akasoma barua, kisha akasoma maneno ya penseli.

"Huu ni mwandiko wa nani?"

"Wake, bwana," Hiram akajibu.

"Bila kujali cheo, umri, jinsia wala sababu," Bwana Mkaguzi akasema polepole, kwa upendo, kama anayeimba wimbo wa kanisani. Akamwonyesha Bwana Kipenga benchi.

Benchi lilikuwa limejaa, lakini watu walisogea. Wangare alimpa nafasi kando yake, akamwambia kwa Kiswahili, "Kaa vizuri, bwana. Siku ya kwanza ndiyo ngumu."

Sasa Bwana Mkaguzi alikuwa na tatizo. Hakuweza kurudi makao makuu na ofisa kwenye lori, na hakuweza kuikiuka Kanuni aliyokuwa ameisifu. Ilihitajika Kanuni ya Kumi na Tano. Aliwauliza wenyeji waliosimama kwenye foleni ni nani anayemjua mtu huyu kwa jina lake kamili na kwa tabia yake. Hiram alitafsiri mara mbili. Watu walifikiri kwa dhati. Walisema wanamjua Bwana Kipenga, lakini Kipenga si jina la mtu, na tabia yake wanayoijua ni ya kipenga tu. Askari Obura, alipoulizwa, alisema yeye hupokea amri yake lakini hajawahi kuambiwa inatoka kwa nani.

"Mimi ninamjua," akasema Wangare kutoka kwenye benchi.

Bwana Mkaguzi akasema kwamba mtuhumiwa hawezi kudhamini. Hiram akasafisha koo. Sauti yake ilikuwa ile nzuri ya kwenye kreti. Akasema kwamba Kanuni, kwa heshima, inataka mdhamini apite mbele ya gunia. Haisemi popote gunia lifanye nini akishapita. Watu wote wa benchi walikuwa wamepita. Na kama kuna shaka, Bwana Mkaguzi mwenyewe anakaribishwa kupita mbele ya gunia na kumdhamini ofisa wake.

Bwana Mkaguzi alilitazama gunia. Lilikuwa likitetemeka tena. Akavua miwani, akaifuta, akatoa uamuzi kwamba watuhumiwa watadhaminiana wawili wawili, kila mmoja akitaja jina kamili na tabia ya mwenzake, bila kusaidiwa na mtu yeyote.

Dakika kumi zilitosha. Mzee wa kanisa alimdhamini mkamuaji, mkamuaji akamdhamini mzee wa kanisa, akitaja ukoo wake wote mpaka Bwana Mkaguzi akamwambia inatosha. Njoki na mwalimu walijuana tangu ubatizo. Yule mzee asiyeona alimtaja jirani yake kwa kukohoa kwake. Watu kumi na sita wakasimama, wakachukua kofia na vikapu, wakaenda kusimama kando ya barabara. Hawakwenda nyumbani. Walitaka kuona.

Kwenye benchi walibaki wawili.

Wangare alianza. Alitaja jina la Bwana Kipenga lote, majina yake matatu na la ukoo, bila kukosea. Halitaandikwa hapa kwa kuwa faili hilo bado halijafungwa. Bwana Mkaguzi alishangaa, akauliza amelijuaje. Wangare akasema limeshonwa kwenye kola ya kila shati, na kwamba siku moja alimwomba mwanawe amsomee, kwa sababu haikumpendeza kufua nguo za mtu asiyemjua. Na tabia yake? Anamwaga supu, Wangare akasema. Anakata vifungo akiwa na hasira. Kila Jumapili anasahau barua ya mama yake kwenye mfuko wa kushoto, na karatasi zimechakaa kwa kusomwa tena na tena. Si mtu mbaya. Anaogopa.

Bwana Kipenga alikuwa amekuwa mwekundu mpaka shingoni. Akaambiwa ni zamu yake.

Alifungua mdomo. Alimtazama Hiram, na Hiram akatazama mabati ya paa. Mkono wake ukaenda kwenye kipenga, ukarudi.

"Dobi," akasema.

"Hilo si jina," akasema Bwana Mkaguzi. "Lori linakuja kesho."

Kisha Bwana Kipenga akageuka kwenye benchi, akamtazama usoni yule mwanamke ambaye mikono yake ilikuwa imeikunja kila shati aliyoivaa kwa miaka miwili, akauliza kwa sauti ndogo, "Jina yako nani, mama?"

Wangare hakuharakisha. Alitengeneza kitambaa chake kichwani. "Wangare wa Mathenge," akasema. "Na karani wako ni mtoto yangu. Iko kwa fomu. Wewe uliweka sahihi."

Bwana Kipenga akalitaja vibaya. Wangare akamrudishia. Akalitaja tena, na akarudishiwa tena, na mara ya tatu likatoka sawasawa. Kuhusu tabia, alifikiri sana, kisha akasema kwamba zile barua za mama yake alizikuta kila Jumatatu juu ya mto wake kitandani, zimenyooshwa, hakuna hata moja iliyolowa. Akasema hivyo mara mbili, mara ya pili kwa Kiingereza, bila kumtazama mtu. Hiram aliandika, na mhuri ulikuwa mwepesi mkononi mwake kuliko siku zote.

Kabla ya kuondoka, Bwana Mkaguzi aliongeza Kanuni ya Kumi na Sita: hakuna utambuzi wowote utakaofanyika Bahati mpaka gunia lifuliwe na kuthibitishwa kwa maandishi kuwa halina vumbi. Kazi ya kulifua akapewa dobi wa ofisi, kwa kuwa hakukuwa na mwingine. Waithaka alienda nyumbani na buti.

Kila Jumatatu Hiram huandika barua rasmi kuulizia hali ya gunia, na kuipeleka kwa mikono yake mwenyewe mpaka nyuma ya nyumba ya ofisa, kwenye pipa la kulowekea gunia, lenye jiwe juu ya kifuniko. Mama yake hukausha mikono kwenye aproni, huinua kifuniko, hutazama ndani kwa makini na kuyaonja maji kwa kidole. Hiram hurudi mezani, huandika jibu, na Bwana Kipenga hulisoma lote, kila neno, kabla ya kutia sahihi. Jibu ni lile lile: bado halijatakata.